Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuidai Serikali Hesabu ya Mikopo

Kabla hujaandika barua, kabla hujasimama katika kikao cha ushiriki wa umma, na kabla hujawakusanya majirani kwenda kwa mbunge, kaa chini uamue unaulizia mkopo gani. Deni la taifa la Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 10 kufikia Juni 2024, na kwa jumla kubwa kiasi hicho hutapata afisa hata mmoja wa kukujibu. Mkopo mmoja, wa mradi mmoja unaoujua, una mkopeshaji, tarehe ya kutiwa saini, riba, muda wa kulipa na mtu aliyeweka saini. Anza na huo.

Jua pia kisichokuwa deni la umma. Ibara ya 214 ya Katiba inalieleza kuwa ni wajibu wa kifedha unaotokana na mikopo iliyochukuliwa au kudhaminiwa na serikali ya kitaifa, pamoja na hatifungani zake, yaani hati za kukopa fedha ambazo serikali huwauzia wawekezaji. Mkandarasi ambaye hajalipwa na kaunti yako anaidai kaunti kweli, lakini bili yake haimo katika hesabu hiyo na inafuatiliwa kwa njia nyingine. Nimeshuhudia kikao kizima kikipotea kwa sababu maswali yote yalihusu bili za wakandarasi, na maafisa wa mikopo wakajibu, kwa haki kabisa, kwamba jambo hilo haliwahusu. Muda ukaisha hapo.

Shika kalenda. Kila mwaka, ifikapo tarehe 15 Februari, Hazina ya Kitaifa huwasilisha Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti na mkakati wa usimamizi wa deni, nalo Bunge lina siku 14 tu za kuijadili taarifa hiyo. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya Mei kuanza, na kamati ya bajeti inatakiwa na Katiba kusikiliza maoni ya wananchi. Anayezinduka siku Waziri anaposoma bajeti mwezi wa Juni amechelewa, kwa sababu kiasi cha kukopwa kilikwisha kujadiliwa miezi minne nyuma.

Mengine ni mepesi. Beba kitambulisho, maana haki ya kupata habari chini ya Ibara ya 35 ni ya raia. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu. Hulazimiki kueleza sababu ya kutaka habari hizo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala.

Sasa mhuri wa kupokelewa barua. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tulipopoteza karibu mwaka mzima. Tulikuwa watu sita, tukitaka kujua kwa nini mradi wa maji uliogharimiwa na mkopo wa nje ulikuwa umesimama, mabomba yamelala kando ya barabara na mitaro imeanza kuota majani. Tuliandika barua ndefu tukaipeleka katika ofisi iliyohusika. Karani wa dirishani aliipokea kwa adabu, akaiweka kwenye trei, akasema tutapigiwa simu. Tulimshukuru tukaondoka. Sheria inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa, nawe una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, iupitie uamuzi huo. Sisi tulingoja miezi miwili kwa upole, kisha tukarudi. Masijala ilifungua rejista mbele yetu, na barua yetu haikuwamo. Mwenzetu mmoja alitoa simu akaonyesha picha aliyoipiga barua ile kabla ya kuitia katika bahasha. Mwanasheria tuliyemwendea baadaye aliitazama picha hiyo kwa makini, akatuambia inathibitisha kwamba tuliandika, ila haithibitishi kwamba walipokea, na kwa hiyo hatukuwa na la kuonyesha kwamba hata siku moja kati ya zile 21 ilikuwa imeanza kuhesabiwa.

Tukaanza upya. Barua ya pili ilipigwa mhuri, lakini tulikuwa tumeomba "habari zote kuhusu mkopo", na jibu likaja la mistari mitatu, likitutaka tufafanue. Ya tatu iliomba hati tatu kwa majina: mkataba wa mkopo, ratiba ya malipo, na taarifa ya kiasi ambacho mkopeshaji alikuwa amekwisha kukitoa. Siku ya 19 tulipewa mbili za mwisho. Humo ndimo tulimogundua kwamba mkopeshaji alikuwa akitoza ada kwa fedha alizoahidi ambazo serikali ilikuwa haijazichukua. Mradi ulisimama kwa sababu wenye ardhi hawakuwa wamefidiwa, fedha zilikaa kwa mkopeshaji, na walipa kodi waliendelea kulipia fedha ambazo hazijanunua hata bomba moja. Hoja hiyo ndiyo tuliyotaka kuipeleka mbele ya kamati ya bajeti, lakini kamati ilikuwa imemaliza kusikiliza maoni wiki tatu kabla.

Kwa hiyo chapa nakala mbili kila mara. Moja iache ofisini. Ya pili irudi nyumbani ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe, na jina la aliyepokea limeandikwa likasomeka. Karani akikataa kuipiga mhuri, usibishane naye: itume siku hiyo hiyo kwa posta ya rejista na kwa barua pepe, uhifadhi risiti. Tia alama siku ya 21 kwenye kalenda. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja, siku zisizozidi 14, ikiwa kazi ya kutafuta hati ni kubwa, lakini ni lazima ikuarifu.

Kuhusu namna ya kuuliza, Katiba yenyewe imekwisha kukuandikia maswali. Ibara ya 211 inasema kwamba Bunge la Kitaifa au Seneti likipitisha azimio, Waziri wa fedha ana siku saba za kuipa kamati husika habari za mkopo wowote: deni lote likiwa pamoja na riba iliyolimbikizwa, fedha zimetumikaje au zitatumikaje, kuna mpango gani wa kulipa, na ulipaji umefika wapi. Nakili mambo hayo manne katika barua yako. Yapeleke pia kwa mbunge au seneta wako, umtake alete hoja ya azimio, kwani swali lake peke yake haliianzishi hesabu ya siku saba.

Utaambiwa mkataba ni siri. Usirudi nyumbani kwa neno hilo. Mikataba ya mikopo ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyotiwa saini mwaka 2014 na benki ya Exim ya China, ilifichwa kwa miaka. Wanaharakati wawili waliandika barua za kuomba habari, wakanyimwa, wakaenda mahakamani, na mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru habari hizo zitolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa uchukuzi akaitoa hadharani mikataba ya mikopo, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha kumtaka mkopaji aweke masharti kuwa siri. Unapoambiwa siri, omba jibu kwa maandishi, lionyeshe ni kizuizi kipi cha sheria kinachotumiwa, kwa maana Sheria ya Kupata Habari yenyewe inaruhusu habari itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa.

Katika vikao vya ushiriki wa umma, jihadhari na karatasi ya mahudhurio. Saini yako itaambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, hata kama ulipinga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Andika maoni yako kabla ya kwenda, yawasilishe kwa maandishi na uyapigishe mhuri, na pembeni ya saini uandike kwamba umewasilisha maoni.

Usiende peke yako. Usipokee nauli kutoka kwa mtu ambaye mradi wake unauulizia. Usisambaze tarakimu ambayo huwezi kuonyesha ukurasa ilikotoka, kwa kuwa kosa moja litatumiwa kuzifuta kweli zako tisa. Usitaje hadharani namba ya simu ya karani aliyekusaidia. Anayewajibika ni aliyetia saini mkopo. Hati asilia zigawe katika nyumba mbili, na tarehe ya mhuri wa kila barua iandikwe katika daftari moja ambalo kila mmoja wenu anajua linakaa wapi.