Kabla hujamfuata ndege adimu bustanini kwa watu

Habari kwamba ndege adimu ameonekana katika bustani ya mtu huenea upesi, na anayependa ndege hutamani kushika darubini na kuondoka saa ileile. Ngoja kwanza. Huyu hakutua porini, ametua uani kwa watu, penye nguo za kuanikwa na watoto wanaocheza. Kwa hiyo kabla ya yote ulizia msimamo wa mwenye nyumba. Je, amekubali wageni? Waje saa ngapi, na wasimame wapi? Asipotaka, safari imeishia hapo, na anwani yake usimpe mtu mwingine. Hata kama bustani inaonekana ukiwa barabarani, darubini iliyoelekezwa dirishani kwa mtu alfajiri inatisha. Mimi hubisha hodi, nikasalimu, nikaonyesha picha ya ndege ninayemtafuta. Majirani wengi hulainika wakishajua shida yangu.

Usidhani utakuwa peke yako. Mwanzoni mwa 1989, shoro mdogo wa Marekani mwenye jina la kisayansi Vermivora chrysoptera alionekana Larkfield, katika eneo la Kent huko Uingereza, kwenye mitaa ya makazi karibu na supamaketi. Maelfu ya watu walifika kumtazama. Umati wa namna hiyo huziba barabara na njia za watu za kuingizia magari nyumbani, basi panga mapema utaegesha wapi, ikiwezekana mbali kidogo, umalizie kwa miguu.

Kisha jiulize ndege anakula nini pale, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Mgeni hakai mtaani bila sababu: kuna mti wenye matunda, mbegu zilizotundikwa, maji, au wadudu. Ndege wa misitu ya kaskazini aitwaye kisayansi Bombycilla garrulus, kwa mfano, husafiri kwa makundi wakati wa baridi matunda yanapoadimika kwao, wakavamia miti ya mapambo mitaani na kuipukutisha. Matunda yakiisha, nao wamekwenda. Ukipata mtu aliyewaona, muulize ni mti gani na umebaki na matunda kiasi gani; jibu hilo lina faida kuliko ramani. Ndege wadogo huunguza mafuta mengi ya mwili usiku kucha, hivyo kukipambazuka huwa na njaa kali. Uwe umeshafika kabla ya mwanga. Ukimkosa, usihangaike huku na huko: wengi huzunguka bustani kadhaa na kurudi palepale, pengine baada ya saa nzima. Simama, utulie.

Jifunze sura yake ukiwa bado nyumbani: dume, jike na kinda, maana mara nyingi anayepotea njia ni kinda asiye na rangi zile za kwenye picha nzuri. Soma pia ndege wa kawaida anayefanana naye. Angalia miguu na mkia, kwani pete au manyoya yaliyochakaa huweza kuashiria ndege aliyetoroka kizimbani, ingawa pete huvalishwa na watafiti pia.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi. Simu iwe kimya, kamera isiwe na mwako. Mlio uliorekodiwa usiupige kabisa. Ndege akiusikia hudhani mpinzani ameingia, akapoteza nguvu anazozihitaji kwa kula.

Beba daftari uandike saa, alichokuwa akila, na alikoelekea. Kumbukumbu hizo ukiziingiza eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya maabara ya ndege ya Cornell, taja eneo kwa ujumla bila kuonyesha nyumba. Na kabla hujaondoka mpe mwenyeji darubini atazame. Huenda amekuwa akimwona wiki nzima dirishani asijue ametoka mbali kiasi gani.