Somo: Kupanga jedwali la sifa za magofu kabla ya kulifungua katika QGIS (programu ya ramani)

Mfano wetu ni Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Husuni Ndogo, Makutani, Gereza.

1. Safu moja, jengo moja, na kila jengo lipewe namba yake (KK001, KK002...). Jina pekee halitoshi. Mmoja ataandika "Gereza", mwingine "Ngome", na kompyuta itahesabu majengo mawili.

2. Latitudo na longitudo ziwe safuwima mbili, kwa nukta ya desimali. Kilwa ni karibu -8.96 na 39.52. Ukisahau alama ya kutoa, magofu yote yanahamia Ethiopia, mashariki ya Addis Ababa. Ukipima kwa UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita), kanda ni 37 Kusini, na utaje datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia kilichotumika kupimia: ramani nyingi za zamani za Tanzania ni Arc 1960, ambayo hupishana na WGS 84, datumu ya GPS, kwa mamia ya mita.

3. Umri ndio unaoharibu majedwali mengi. "Karne ya 11 hadi 14" ni maneno tu, huwezi kuyachuja. Weka namba: mwaka_anza 1000, mwaka_mwis 1399. Hata hivyo, Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 ukapanuliwa karne ya 14. Wareno walijenga ngome 1505, lakini Gereza tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. Kwa hiyo awamu za ujenzi zikae jedwali la pili, zikiunganishwa kwa ile namba ya jengo. Kuzirundika kwenye safu moja ni kujitafutia kazi.

4. Ukihifadhi kama .shp (shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani), jina la safuwima haliwezi kuzidi herufi 10. Hali_ya_kuta na hali_ya_kuba zote zinakatwa kuwa hali_ya_ku! Andika kuta_hali na kuba_hali.

MASWALI

– Mwalimu, ukuta ambao sikuupima urefu nimejaza 0. Ni sawa?
Hapana, ndugu. Acha tupu. Hiyo 0 itaingia kwenye wastani na kuushusha.

– Maelezo yangu yanakatika katikati ya sentensi.
Hiyo ni .shp tena, haipokei zaidi ya herufi 254. Hamia GeoPackage (.gpkg, aina mpya zaidi ya faili la ramani), na mipaka yote miwili inaondoka.

– Naweza kumpa mtu yeyote faili?
Majengo yanayojulikana, sawa. Makaburi na mashimo yasiyo na mlinzi, futa kwanza latitudo na longitudo kwenye nakala unayotoa. Kumbuka kuondoa na nukta zenyewe zilizochorwa kwenye ramani, maana kufuta safuwima hakuzigusi.