Mababu wenye duka: anza na posta
Ukifuatilia ukoo wa wafanyabiashara wa vijijini Kusini mwa Marekani, usitegemee sensa peke yake. Ile ya 1890 karibu yote imepotea. Duka la kijijini mara nyingi ndilo lilikuwa posta, na mwenye duka ndiye postamasta. Rekodi za uteuzi wao tangu 1832 zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kisha tafuta madaftari ya kampuni ya R.G. Dun yaliyoko Harvard: kampuni hiyo ilichunguza wakopaji, ikaandika mtaji, madeni, hata tabia ya mwenye duka. Na ukibahatika kupata daftari la madeni la duka lenyewe, tafadhali lisome lote. Huenda limetaja watumwa ambao sensa za 1850 na 1860 kwa kawaida ziliwahesabu bila majina, na wajukuu wao wanawatafuta mpaka leo.