SOMO: Kupunguza paka wa mtaani bila kuua hata mmoja

Wakuu, kila wiki naletewa swali lilelile: "Paka wamezidi kwetu, tuwape sumu gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi niko Mji Mkongwe, Unguja, vichochoro vya karibu na soko la Darajani, kwa hiyo nasema niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Sumu haitakusaidia. Ukiua paka leo, jaa lipo palepale, panya wapo, vichwa vya samaki vipo. Wa kichochoro cha pili watahamia na kuzaa. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65, jike wa miezi minne au mitano anaweza kuwa nayo tayari, na anaweza kushika nyengine huku bado ananyonyesha. Na sumu haichagui: ataila kuku, ataiokota mtoto. Sisi tunakamata, tunahasi, tunachanja, tunarudisha. Paka aliyehasiwa hazai tena, na makelele ya madume usiku yanapungua sana.

1. Mwone sheha, kiongozi wa mtaa wenu, kwanza, usije ukaitiwa mwizi usiku.

2. Wahesabu wiki nzima, jioni, saa ileile. Wapige picha.

3. Panga siku na daktari wa mifugo KABLA ya kukamata. Akisema anaweza wanne, kamata wanne.

4. Kizimba: fundi wa kuchomea anakutengenezea. Mlango ushuke wenyewe paka akikanyaga kibao cha ndani.

5. Wanaowalisha wasiwape chakula tangu jana yake. Maji yabaki. Chambo ni samaki mwenye harufu, awekwe nyuma kabisa ya kibao. Usikiache kizimba peke yake, wala juani. Akiingia tu, kifunike kwa kanga au gunia, giza linamtuliza. Usitie mkono ndani.

6. MTAZAME CHUCHU. Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza. Nilikamata jike mweupe mwenye baka jeusi mgongoni. Nilimwona kanenepa, nikadhani kashiba. Alipohasiwa nikamkalisha kwangu siku tatu ili kidonda kikauke vizuri, nikiamini namfanyia hisani. Usiku wa pili jirani muuza vitambaa akaniambia kuna watoto wa paka wanalia chini ya ngazi yake. Sikushughulika mpaka asubuhi. Wawili nikawakuta wamekufa. Wa tatu nilimlea kwa chupa, na mama yao yuko kizimbani kwangu, maziwa yamemjaa. Silisahau hilo.

Kwa hiyo inua kizimba, mulika tumbo kwa tochi. Chuchu zikiwa nyekundu, zimevutika, na manyoya ya pembeni yamepungua, ananyonyesha. Kama hujui watoto walipo, MWACHIE. Mrudie baada ya wiki kadhaa, watoto wakishakula wenyewe. Kama unajua walipo na wameshakua kidogo, mwambie daktari. Anaweza kumpasua ubavuni, mbali na chuchu, na mama akarudi kwa watoto akishaamka sawasawa, kesho yake asubuhi. USIMWEKE SIKU TATU.

7. Akiwa bado na usingizi wa dawa, achanjwe kichaa cha mbwa na akatwe ncha ya sikio la kushoto, iwe alama kwamba kahasiwa.

8. Dume alale usiku mmoja, jike mmoja au miwili, penye joto na utulivu. Anayeyumba haachiwi.

9. Rudisha PALEPALE ulipomkamata.

MASWALI

Mzee wa Kahawa: Si rahisi kuwatia guniani tukawatupe shamba?

Mwenye somo: Hukusoma. Hatua ya 9.

Mzee wa Kahawa: Nimesoma, nauliza tu.

Mwenye somo: Huko hajui maji yako wapi, na paka wa huko watampiga. Wengi wanakufa. Na kichochoro chako kitajaa wengine.

Kijana wa Bandarini: Nimesikia panadoli inawalaza, wanakamatika kirahisi.

Mwenye somo: HAPANA. Panadoli inaua paka, hata nusu kidonge. Inaharibu damu na ini. Usimpe dawa yoyote ya binadamu.

Binti Nahodha: Shukran kwa somo. Kwa nini sikio, si ukosi au rangi?

Mwenye somo: Swali zuri, dada. Ukosi unanasa kwenye misumari ukamnyonga, na rangi inafutika. Sikio unaliona kwa mbali hata usiku, kwa hiyo hakamatwi tena na kupasuliwa bure. Lililochanika kwa ugomvi lina mapengo, lililokatwa na daktari limenyooka.

Binti Nahodha: Na bibi yangu anasema kuhasi ni dhambi.

Mwenye somo: Nisalimie bibi. Mwambie nami naiogopa ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Wapo wanazuoni walioruhusu kuhasi pakiwa na maslahi na mnyama hadhuriki. Amuulize shehe anayemwamini, na akitaka nije tuzungumze barazani, nitakuja.

Fundi Seremala: Mmoja kanichana jana, kidogo tu. Nipake spiriti?

Mwenye somo: Acha kuandika. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali LEO ukaulizie chanjo ya kichaa. Dalili zikianza hakuna tiba.

Mama wa Uani: Mimi nawapa maziwa, naona wanaharisha.

Mwenye somo: Paka wakubwa wengi hawayawezi. Wape maji na samaki, saa ileile kila siku, na uondoe sahani baada ya nusu saa, usije ukalisha panya.

Mama wa Uani: Ahsante mwanangu. Na kwenye makopo yangu ya mrehani? Wanafukua na kunya humo.

Binti Nahodha: Bi mkubwa, sisi tunalaza vijiti vya mlimau vyenye miba juu ya udongo. Hawatii mguu.

Mama wa Uani: Mlimau ninao. Nakata sasa hivi.