Dawa imepunguza hatari kwa nusu? Piga hesabu hivi kwanza

Jamani kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba dawa imepunguza kiharusi kwa 50%, rudi kwenye namba zenyewe. Chukulia una makundi mawili ya watu 1000 kila moja, kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, 4 wakapata kiharusi, na kati ya waliopewa dawa, 2. Ni kweli 2 ni nusu ya 4, lakini toa moja kwa nyingine, 0.4% toa 0.2% unabaki na 0.2% tu, yaani inabidi utibu watu 500 ili umuokoe mmoja! Andika zote mbili, maana mgonjwa akisikia "nusu" peke yake anaelewa kitu kingine kabisa.

Haya sasa jipime, je hiyo tofauti si bahati tu? Hapa usitumie kai-skweya (kipimo cha takwimu cha kulinganisha makundi), matukio ni machache mno, tumia tesiti ya Fisher, kipimo kinachofaa namba ndogo. Halafu tafuta uwiano wa hatari (hatari ya waliopewa dawa gawanya kwa hatari ya wasiopewa) na mipaka yake ya 95%, yaani kuanzia wapi mpaka wapi uwiano halisi unaweza kuwa. Kwa namba hizi uwiano ni 0.5 ila mipaka inaanzia kama 0.09 mpaka 2.7, na 1 (yaani hakuna tofauti) imo humo humo ndani, kwa hiyo dawa inaweza kuwa inasaidia sana, haisaidii, au hata inadhuru. Usiandike "dawa haifanyi kazi", andika data haitoshi kusema. Na idadi ya washiriki ikadiriwe kabla ya kuanza utafiti, mimi naona hapo ndipo tafiti nyingi zinaharibikia.