Namna ya Kuchunguza Kemikali katika Maji ya Kisima, Dodoma

Iwapo kisima chako kiko karibu na gereji, kituo cha mafuta au karakana ya betri, usitegemee macho wala ulimi, kwani risasi (metali nzito itumikayo kwenye betri) na naitreti (chumvi itokanayo na mbolea na vinyesi) hazina rangi wala harufu. Kuchemsha, ambako ndiko kimbilio la wengi wetu, huua vijidudu tu. Kemikali hizo hubaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo zinavyozidi kukolea.

Omba chupa za sampuli maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Maji ya kupima metali huwekwa katika chupa safi ya plastiki, ilhali ya kupima petroli na viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia rangi au grisi) huwekwa katika chupa ya kioo, ijazwe pomoni pasibaki hata kiputo cha hewa, kisha ihifadhiwe kwenye barafu na kupelekwa mapema.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za risasi na 50 za naitreti kwa lita. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Naitreti huzuia damu ya kichanga kubeba oksijeni, hivyo maji yaliyozidi kikomo yasikorogewe maziwa yake.

Pimisha floraidi pia (madini yaharibuyo meno na mifupa yakizidi), ingawa katika kanda yetu, hasa Singida, hutoka kwenye miamba, si viwandani.

Mapipa ya bluu yaliyowahi kubeba kemikali, hata yakisuguliwa kwa sabuni, yasitumike kuhifadhia maji ya kunywa.