Mzungu wa ukutani: usimuoshe kwanza

Kama umerithi zile picha za kale za rangi ya mafuta, mzungu mwenye mashamba yake huko Uingereza kasimama na bunduki, mbwa miguuni, anakuangalia kama unadaiwa kodi, basi nisikilize kabla hujashika ndoo. Ya kwetu babu alitoka nayo Kongwa, alifanya kazi kwa wazungu wa mradi wa karanga, ule ulioanza 1947 ukafa 1951, wakati wanafungasha wakamwachia. Mama mdogo akaona vumbi, akachukua kitambaa na maji ya sabuni ya unga, shavu likaondoka na kitambaa. Mpaka leo ana baka.

Sasa, geuza nyuma kwanza, umbea wote uko huko. Turubai la zamani la kitani linakuwa rangi ya chai, limewambwa kwa vimisumari vidogo pembeni na kwenye kona za mbao mara nyingi kuna vikabari vya kulikazia. Ukikuta pini za stepla ujue turubai limewambwa miaka ya karibuni, ila usikate tamaa maana watu huwa wanawamba upya mchoro wa zamani.

Halafu zima taa, mulika na tochi ya simu kutokea ubavuni. Rangi ya mafuta utaona matuta ya brashi na nyufa kama tope la bwawa mwezi wa kumi. Tazama na lenzi pia, ukiona vidoti vidoti vimejipanga hiyo ni printi bana, hata fremu ing'ae vipi.

Angalia na kichwa. Waingereza waliweka kodi kwenye unga mweupe wa kupaka nywele na wigi 1795 na fasheni yenyewe ikazidi kufa, kwa hiyo wigi jeupe mara nyingi ni mtu wa kabla ya hapo. Mtu nimesema, sio picha, nakala zilichorwa nyingi tu baadaye.

Vumbi letu la Dodoma unalijua, na hewa ilivyo kavu halafu Desemba mvua hiyo, mbao zinasinyaa zinavimba na rangi inapasuka. Mtundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha, jua la jioni lisimfikie. Vumbi toa na brashi laini ya poda ambayo haijatumika, juu kwenda chini, taratibu. Rangi ikiwa inabanduka usiguse kabisa, mlaze chali mpaka umpate mtu anayejua. Ule umanjano mara nyingi ni vanishi iliyozeeka, usije ukapaka spiriti wala dawa ya kutolea rangi ya kucha, inakula na mchoro. Mambo ya kusugua na kiazi au mkate achana nayo. Na rangi nyeupe ya zamani mara nyingi ina risasi, kwa hiyo unga unaodondoka watoto wasichezee, na wewe nawa mikono.

Wa kwetu yuko sebuleni Nkuhungu na baka lake, watoto wanamwita Mzee Karanga.